Sauti ya Saa ya Baba

Kuna Jumapili moja ya mvua, mwanangu, ambayo nimeikumbuka zaidi ya miaka hamsini bila kuitaka. Wewe ndiye uliyeirudisha juzi, uliponionyesha ile saa kuukuu ya Uswisi uliyoipata kwenye meza ya mitumba pale Otonglo. Uliona nimekurudishia upesi ukadhani sikupendezwa. Nilipendezwa sana, na hapo ndipo penye shida yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani mjini Kisumu, kijana wa suruali pana na maringo mengi kuliko mshahara. Wenzangu walitamani saa za majina makubwa, zile ambazo hata mwizi alizitambua kutoka ng'ambo ya barabara. Mimi sikuziweza, basi nikajifanya mjuzi. Nikaanza kukusanya saa za Uswisi ambazo hakuna aliyezitaka, zenye majina madogo yaliyofifia, zilizosahauliwa kwenye makabati ya wazee. Aliyenitia ugonjwa huo ni Mzee Hamisi, fundi saa aliyekuwa na meza yake kwenye baraza ya duka la vitambaa.

"Ona hapa, Bwana Karani," alizoea kuniambia akifungua kifuniko cha nyuma. "Hii jina yake hakuna mtu anajua. Lakini mashine ndani ni ile ile moja ya hizo za jina kubwa. Vito kumi na saba, vijiwe vya kubeba magurudumu. Wacha wao wanunue jina, wewe nunua mashine."

Sitakudanganya kwamba haikuwa furaha. Unafungua saa iliyodharauliwa, unakuta ndani skrubu imesuguliwa ikang'aa, na mtu aliyeisugua alijua kwamba hakuna atakayeiona ila fundi mwenzake. Nilikuwa nikikaa pale barazani saa ya chakula cha mchana, njaa inaniuma, na sisikii kitu. Najua hata wewe umeanza kuwa hivyo. Nimekuona ukiiweka ile yako sikioni wakati mama yako anazungumza nawe.

Basi nikapata moja nzuri kuliko zote, nyembamba, uso wake wa rangi ya maziwa, na kimshale kidogo cha sekunde kikizunguka chini peke yake. Ilikuwa imekufa. Kile kigurudumu kinachocheza huku na huku ndani, ambacho ndicho roho ya saa, kilikuwa kimevunjika. Mzee Hamisi akaniambia nisubiri, siku moja ataletewa mashine mbovu ya aina hiyo atoe kigurudumu chake. Mimi kusubiri sikujua.

Baba yangu alikuwa na saa yenye mashine ya aina hiyo hiyo. Alifanya kazi ya matanuri kwenye meli za ziwani mpaka akastaafu, na alirudi nyumbani Ahero na saa hiyo mkononi, yenye sura mbaya, kioo kimekwaruzwa, ukanda ameushona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Kanisa letu halikuwa na kengele. Lilikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa, na Baba ndiye aliyekigonga, asubuhi ya maombi na Jumapili ya ibada. Watu wa mashambani kule walitoka nyumbani kwa mkono wake. Kazi nyingine hakuwa nayo tena, na hiyo aliifanya kama aliyeandikwa na serikali.

Nikamwambia nampelekea saa kwa fundi ikasafishwe. Akaivua mwenyewe akanipa, na akanishukuru. Mzee Hamisi alipoiweka sikioni alikunja uso.

"Hii inatembea," akasema. "Saa inatembea sisi hatuvunji. Mwenyewe anajua?"

"Mwenyewe ameitupa," nikamjibu.

Naam, nilisema hivyo, na kigurudumu cha Baba kikahamia kwenye saa yangu. Nilijiambia nitapata kigurudumu kingine mwezi ujao nimrudishie. Mwezi ukawa miwili, ikawa mitatu, na mvua kubwa ikaanza.

"Hiyo fundi yako iko busy namna gani?" Baba aliniuliza kila nilipofika nyumbani. Nikawa namtaja Mzee Hamisi kwa uvivu ambao hakuwa nao.

Bila saa Baba alikadiria kwa jua, na jua wakati wa mvua ya kwetu, bondeni Kano, huwa halionekani. Jumapili ile aligonga reli mapema mno. Akina mama wakavuka maji na watoto mgongoni, wakakuta kanisa limefungwa, wakakaa wakitetemeka hadi mchungaji alipofika. Haikuwa mara ya kwanza. Baada ya ibada wazee wa kanisa walimwita Baba kando, kwa heshima zote, na nyundo ya kugongea reli akapewa mtu mwingine, kijana mwenye saa. Mimi nilisimama pale pale nimevaa ile yangu ya rangi ya maziwa.

Baba akanijia. Akanishika mkono, akainua saa yangu mpaka sikioni kwake, akaisikiliza kwa muda mrefu.

"Wuoda," akaniita, mwanangu, kwa Kiluo chetu. "Hii sauti naijua."

"Saa zote zinalia hivyo, Baba."

Akaniachia mkono. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za saa yake, na mimi, mwoga nilivyokuwa, nilishukuru. Mwaka haukuisha akafariki. Siku ya kugawana vitu vyake, baba yangu mdogo aliuliza ilipo saa ya marehemu, kwa kuwa yeye ndiye aliyestahili kuivaa. Nikaitoa mfukoni. Alizungusha kitufe chake cha pembeni, akaitikisa, akaona haitembei, akanirudishia. Ningefurahi kama mtu angenipiga.

Nilikirudisha kigurudumu baadaye. Saa ya Baba imo ndani ya mkebe, inatembea vizuri kabisa, na sijawahi kuivaa.

Kusanya saa zako, mwanangu, sikukatazi. Zitafute zile zisizotazamwa na watu, ni nzuri kweli. Lakini kabla hujasema kitu fulani hakina thamani, muulize anayekitumia. Usivunje kinachofanya kazi ya mtu ili upate cha kujipambia. Na ukifanya kosa, sema ungali unaulizwa, maana mimi Baba alinipa nafasi ya kukiri mara moja tu, kwa upole, na jibu langu umelisikia.

Mungu akupe mikono mitulivu na ulimi usiokimbia. Akuzidishie miaka kuliko yangu, na watoto watakaokushika mkono bila kuogopa watakachokisikia. Huo mkebe utakuwa wako. Ile nyembamba ya rangi ya maziwa utaikuta humo imesimama, na ninakuomba uiache hivyo hivyo.