Mwalimu Asiyefundisha

Muhula ule niliposhtakiwa kwa mkuu wa idara, shtaka lenyewe lilikuwa fupi: sifundishi. Aliyelipeleka alikuwa kiongozi wa darasa, binti wa Mukuyuni, mkali kama pilipili, na alikuwa na sababu. Alikuwa ameanguka mtihani wa jometri tayari. Akianguka tena, hangeruhusiwa kwenda mazoezi ya ualimu, na bila mazoezi hakuna shahada.

Ni kweli nilikuwa nimegeuza mambo. Badala ya kusimama ubaoni nikichora michemraba iliyokatwa na bapa, yaani uso ulionyooka kabisa, hadi chaki iishe, nilirekodi somo kwa simu jikoni kwangu hapa Kitui, nikalituma kwenye kundi la darasa ili walitazame bwenini. Darasani tungekutana kufanya maswali tu. Siku ya kwanza niliingia, nikaketi, nikawaambia waanze. Wakanikodolea macho, kalamu mkononi. Kupita kati ya madawati nikaona kwamba wameinakili video neno kwa neno, hata pale nilipomfukuza jogoo wa jirani dirishani. "Shii, toka hapa" ilikuwa imepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Nilicheka hadi machozi. Wao hawakucheka. Tangu shule ya msingi walijua kwamba mwalimu akisema unaandika, na asiposema, hakuna somo.

"Madam, hawa watoto wanataka kufundishwa," mkuu wa idara aliniambia. "Wiki ijayo nitakuja kukaa hapo nyuma. Nikipata hawajui kitu, hiyo mambo ya video iishe, urudi kwa ubao."

Nilitoka ofisini nimefura. Mimi hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Nilimwita yule binti nimuulize kinachomshinda ni nini hasa, na hakunificha.

"Madam, ile mchoro yako mimi naona tu mistari. Unasema bapa imekata sanduku. Sioni kitu imekatwa."

Hasira zikaniisha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nikitazama mchoro naona kina chake bila kujitahidi, kumbe yeye muda wote huo alikuwa akiombwa aamini tu.

Siku ya ukaguzi mabomba ya bweni yalikuwa yamekauka, kama kawaida, na wanafunzi walikuja na jerikeni zao ili wakitoka wapite kwenye tangi. Mkuu wa idara akaketi nyuma, mikono kifuani. Niliandika swali moja ubaoni: bapa likikata sanduku, utapata maumbo gani? Kisha nikaketi. Kila mtu alinitazama, na ulimi ulikuwa ukiniwasha. Nikauuma.

Kiongozi wa darasa alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, alitazama jerikeni yake yenye umbo la sanduku, iliyobaki na maji kidogo chini. Akaipandisha mezani, akaiinamisha hadi ikasimama kwa kona moja, mwanga wa dirisha ukipenya plastiki.

"Njooni muone. Maji ndio bapa!"

Jerikeni ililala upande lakini maji yalibaki sawa, na uso wake pale konani ulikuwa na pande tatu. Mtu akapaza sauti, "Ongeza maji!" Jerikeni nyingine zikaletwa, maji yakahamishwa kwa uangalifu, darasa zima likipiga kelele, "Usimwage!" kwa maana huku kwetu hakuna anayechezea maji. Zikapatikana pande nne, zikapatikana tano. Maji yalipofika nusu, binti aliigeuza jerikeni polepole, akapitisha kidole kuzunguka ukingo wa maji.

"Ai! Ni sita! Madam, ni sita?"

Sikujibu, ingawa nilitamani kupiga vigelegele.

"Hesabu tena," mwenzake alimwambia.

Akahesabu tena, na safari hii mkuu wa idara alikuwa amechutama kando ya meza akihesabu naye. Zilikuwa sita. Sijawahi kujivunia darasa kama nilivyojivunia lile, na ubao wangu ulikuwa na swali tu.

Binti alifaulu, akapelekwa mazoezi katika shule ya sekondari upande wa Malili. Nami ndiye niliyetumwa kwenda kumkagua. Naibu wa mwalimu mkuu, mzee mpole, alinipokea langoni na uso wa mtu mwenye habari mbaya.

"Madam, nisikufiche. Huyu msichana wenu ako na heshima, watoto wanampenda. Lakini hafundishi. Anakaa tu, hao watoto ndio wanapigiana kelele na mitungi ya maji."

Machozi yalinilengalenga kwa fahari. Nikamwomba mzee wa watu anipeleke darasani upesi, kabla binti hajaniona akaanza kufundisha.