Mbwa Mwitu wa Bosi

Wiki hii nimegundua kwamba hapa Riyadh mbwa mwitu ana watetezi wengi kuliko dereva. Bosi wangu alimuua mmoja karibu na zizi lake la kondoo, bila kibali, kisha akamtundika kwenye nguzo kando ya barabara kuu. Wafugaji wa huku hufanya hivyo, ili kila anayepita ajue hapa kuna mwanaume. Lakini sheria ya wanyamapori inakataza, basi tukaitwa ofisini.

Mbele ya afisa, bosi akaninyooshea kidole. "Dereva wangu ndiye aliyempiga risasi."

Niliona jela, kisha ndege ya kunirudisha Nairobi mikono mitupu. Angeniomba, labda ningefikiria. Lakini kunibambikia kesi bila hata kunitazama? Haya.

"Ni kweli, mheshimiwa," nikasema kwa Kiarabu changu cha gereji. "Bosi alipomwona alipanda juu ya gari, akimwita mama yake. Nikamwambia, bosi, lete hiyo bunduki, usije ukajipiga mguu."

Afisa aliuma kalamu asicheke. Bosi akagonga meza.

"Halas, yatosha! Mwongo huyu. Hata kushika bunduki hajui. Nilimpiga mimi, kwa risasi moja, kutoka mbali."

"Mbali kiasi gani?" afisa akauliza kwa upole, huku akiandika.

Bosi akamweleza, tena kwa mikono yote miwili.

Mtu anayetundika mzoga barabarani ili asifiwe hawezi kumwachia dereva sifa hiyo, hata ikimpeleka jela. Shule niliikimbia mapema, lakini bosi wangu nimemsoma mwaka mzima kwenye kioo cha gari.