Kwanza Bi Wadha

Tangazo la mkutano wa teknolojia lilipotoka gazetini, mwaka 2007, Mildred ndiye aliyelikata kwa mkasi na kulibandika kwenye kioo cha duka la miwani, palepale wateja wanapojitazama. Mildred alikuwa Mkenya, mwenzake Kheiria kazini, na alimjua vizuri. Bila ya kusukumwa, Kheiria angelitazama tangazo lile mpaka lipauke.

"Wametenga nafasi ya watu wanaotengeneza programu za simu nyumbani kwao," alisema Mildred. "Hawajasema lazima uwe injinia. Jiandikishe, bana. Hiyo siku duka nitashika mimi."

Kheiria akajiandikisha, na jibu lilipokuja kwamba atapewa muda wa kupanda jukwaani na kuonesha kazi yake, alimuuzia mzee mmoja miwani ya kike bila kujijua.

Kheiria binti Msellem, wa ukoo wa Maskati unaosema Kiswahili nyumbani, alikuwa kishapita thelathini, hajaolewa wala hana haraka. Mchana aliwapimia fremu watu wa Madinat Sultan Qaboos, na jioni akirudi nyumbani Al Khoudh aliandika programu. Hakufundishwa na mtu. Alianza miaka ya tisini na kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mjomba wake, pamoja na vitabu vilivyoeleza mashine ambazo hakuwa nazo. Alipokosea hakuwa na wa kumuuliza, basi alikaa na kosa lake mpaka likajitokeza lenyewe. Simu za mkononi zilipoanza kukubali programu za watu wa nje, hizi ambazo siku hizi kila mtoto anaziita apu, hakulala kwa furaha. Akatengeneza ya kukumbusha dawa, akatengeneza ya kupangia zamu za kupeleka watoto shule. Nyumbani waliziita michezo ya Kheiria, na hakuna aliyewahi kuiomba hata mmoja.

Kwa hiyo mkutano ule aliungoja kama watoto wanavyoingoja Idi. Alipita makusudi mbele ya hoteli utakapofanyika, akazunguka na gari, akapita tena. Alichagua abaya, akaibadilisha, akairudia ileile ya kwanza. Duka likiwa tupu, alisimama mbele ya kioo akajizoeza maneno yake, na Mildred akimpigia makofi kwa kibao cha kusomea herufi. Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka asimame mara moja maishani mbele ya watu wanaoijua kazi hii, waione.

Mama yake, Bi Zuweina, alikuwa na hesabu nyengine.

"Harusi ya kaka yako Ghanim iko nyuma tu ya mkutano wako," alisema. "Na kualika nani ataalika? Mimi miguu hii haiwezi kuzunguka Maskati nzima. Alika watu kwanza, mwanangu, kisha nenda huko hotelini."

Kheiria akacheka. "Mama, hiyo kazi ya mchana mmoja."

Alikwenda chumbani akaandika programu ya kuchukua majina yote ya ukoo yaliyomo kwenye simu na kumpelekea kila mmoja ujumbe: Bismillahi, jina la bwana harusi, siku, ukumbi, karibuni nyote. Kila ujumbe simu ilimuuliza kama ana hakika, na kila mara akaijibu kuwa anayo. Kabla ya alasiri ukoo mzima ulikuwa umealikwa. Alitoka chumbani akiimba.

Kumbe alikuwa keshavunja nyumba.

Simu hupanga majina kwa herufi, na Kheiria hakuiambia vyengine. Wa kwanza kupata mwaliko alikuwa Asila, msichana wa shule anayekaa Al Amerat. Wa mwisho kabisa alikuwa Bi Wadha, bibi yake Asila mzaa mama, na wote wawili wanakaa nyumba moja. Sasa, huyu Bi Wadha ni dada wa babu yake Kheiria, mkubwa wa wote waliobaki. Katika ukoo ule haozwi mtu, hazikwi mtu, wala mtoto hapewi jina mpaka Bi Wadha aambiwe kwanza, kisha mdogo wake Bi Nasra, kisha wengine kwa ukubwa wao mpaka chini. Tena waambiwe kwa mdomo. Huyu bibi mtukufu akaisikia harusi ya mjukuu wake kutoka kwa mtoto anayetafuna chingamu.

Haikupita saa moja akapiga simu.

"Zuweina, usijisumbue kuniwekea kiti," alisema. "Harusini kwenu mimi sipo."

Akakata. Na asipokuwepo Bi Wadha, nusu ya ukoo haiji, kwa sababu hakuna atakayethubutu kukaa akala huku kiti chake kitupu.

Bi Zuweina alimwita binti yake. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mpaka Bi Wadha aseme anakuja, wewe huendi mkutano wowote. Watu wakiniuliza nitawajibu nini? Binti yangu yuko hotelini anaonesha mashine iliyotugombanisha?"

Kheiria alilia, na alilia kweli. Aliuona mkutano wake unakwenda zake. Na hakuwa na wa kumlaumu, kwani mama alikuwa na haki, hata simu ilikuwa na haki. Simu ilifanya alivyoiambia. Yeye ndiye aliyesahau kuiambia nani ni nani.

Lakini mtu aliyezoea kukaa na makosa yake halii muda mrefu. Aliifuta programu ile akaanza upya. Hii mpya haikupeleka ujumbe kwa mtu. Kila jina liliwekwa chini ya mkubwa wake. Simu humpigia mkubwa kwanza, uzungumze naye kwa sauti yako, umjulie hali, umwalike. Ukimaliza unabonyeza palipoandikwa Keshaambiwa, ndipo inapokupa anayefuata. Ukijaribu kumruka mkubwa ukampigia mdogo, inakataa.

Alipomaliza alimwomba Ghanim ampeleke Al Amerat.

Bi Wadha alimpokea barazani, akabusiwa mkono huku anatazama kwengine. Birika la kahawa lilikuwa palepale mkekani, na tende, na hakuna aliyemmiminia mgeni. Kheiria aliuelewa ujumbe ule vizuri kuliko ule wake wa simu.

"Nimekosa, bibi," alisema. "Nimekuja kuomba radhi. Ule mwaliko wa ujumbe hauhesabiki, tutaalika upya, na nna kitu nataka ukitazame."

"Mimi si mtu wa kutazama vitu. Mimi ni mtu wa mwisho."

Kheiria akamweleza programu mpya, na mkutano anaotaka kuipeleka. Bi Wadha alisikiliza akichezea tasbihi yake, mpaka lilipotajwa jina la Bi Nasra.

"Ngoja. Nasra akipigiwa kabla yangu?"

"Haiwezekani, bibi. Jaribu mwenyewe."

Akampa simu na kumwonesha pa kubonyeza. Bi Wadha akabonyeza kwenye jina la mdogo wake. Asila, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akamsomea maandishi yaliyotokea: "Mkubwa wake hajaambiwa bado."

"Mkubwa wake ndio mimi?"

"Ndio wewe, bibi."

"Hebu nirudie." Akabonyeza tena, simu ikakataa tena. Akabonyeza mara nyengine, sasa kwa raha tu, na uso ukaanza kumlainika. "Yaani hata angelilia?"

"Hata angelilia."

Bi Wadha akarudisha simu. "Asila, mmiminie mwenzio kahawa," alisema, na Ghanim akashusha pumzi. "Huo mkutano wenu lini?"

"Jumatatu, bibi. Lakini mama kanikataza."

"Mwambie Zuweina nimesema uende. Na mwaliko wangu nipigie hukohuko, mbele ya hao wakubwa wako. Wao pia wasikie nani wa kwanza."

"Na utakuja harusini, bibi?"

"Sijaalikwa bado," alisema Bi Wadha, akachagua tende.

Bi Zuweina aliposikia haya alishika kichwa. Maskati yote inajua kuwa Bi Wadha hapokei simu akiwa hana hamu. Lakini amri ya mkubwa haina pa kukatiwa rufaa. "Nenda," alimwambia binti yake. "Nenda, na asipopokea, usinirejee na simu hiyo hapa."

Jumatatu asubuhi Kheiria aliingia hotelini na beji kifuani yenye jina lake, neno la mtengenezaji programu likiwa chini yake. Aliigusa mara nyingi kuhakikisha ipo. Kuta zilijaa skrini, vijana wa kampuni walijua kuzungumza bila kupumua, na yeye alitembea baina yao akitaka kuona kila kitu na kushika kila kitu. Alikuwa na furaha mpaka akasahau kuogopa. Kisha Musallam, mshereheshaji, akaita jina lake.

Alipanda. Alieleza kwa Kiarabu programu yake ni ya nini, na alipofika pale simu inapokataa kumruka mkubwa, ukumbi ulicheka kicheko cha watu waliowahi kugombezwa. Walijua. Kila mmoja alikuwa na Bi Wadha wake.

"Sasa nitaitumia kweli," alisema Kheiria. "Huyu ni bibi yangu. Nimemkosea, na sijui kama atapokea."

Akabonyeza, akaisogeza simu kwenye kipaza sauti. Ikalia. Ikalia tena. Iliendelea kulia mpaka Musallam akaanza kumtazama kwa huruma, na Kheiria akamwona mama yake waziwazi, amekaa Al Khoudh, ameshika kichwa.

"Nani?" ilisema sauti.

"Mimi Kheiria, bibi. Sabalkheri. Hujambo? Nakualika harusi ya Ghanim."

"Wangapi wameambiwa kabla yangu?"

"Hakuna, bibi. Wewe wa kwanza."

"Na hao watu wanasikia?"

"Ukumbi mzima, bibi."

Kheiria aliwatafsiria wasiojua Kiswahili, ingawa walio wengi walikuwa wanacheka tayari.

"Basi waambie nnakuja," alisema Bi Wadha. "Na gari ije mapema. Mimi sikai nyuma."

Ukumbi mzima ukasimama. Musallam alipiga makofi mikono juu, watu waliimba mashallah, na Kheiria akasimama katikati ya makofi yale huku machozi yanamtoka bila ya haya. Alikidhani kidogo alichokitaka, na kilikuwa kikubwa hivi. Akanyoosha kidole ili abonyeze Keshaambiwa, na jina la Bi Nasra lije.

"Kheiria," ilisema simu.

"Labeka, bibi."

"Anayefuata ni Nasra, sio?"

"Ndio, bibi. Nampigia sasa hivi."

"Mwache," alisema Bi Wadha. "Mwache angoje kidogo."