Neno Lenye W na K

Juzi nilipanga foleni ya kazi juu ya mulima, kwa muzungu mumoja anayeleta bidhaa toka Kampala. Alitaka karani wa Kiingereza. Mulango ukiwa wazi, nikasikia akimuuliza papa mumoja, mutu wa makamo aliyenitangulia: «Nitajie neno la Kiingereza lenye W na K.»

Papa akanyoosha kola. «Whisky, Bwana.»

Muzungu akaweka kalamu chini. «Umeionja wapi? Iko défendu, sheria inaikataza kwa Weusi.»

«Sijaionja, Bwana. Nilisoma kwenye chupa munazotupa.»

«Dehors,» akamuonyesha mulango. «Suivant,» akaniita mimi.

Nikaingia na diplôme yangu. W na K zilezile. Kichwani ilibaki whisky peke yake, nikasema sijui.

Tukashuka mulima pamoja, yeye amefukuzwa kwa kujua, mimi kwa kutojua. Nasikia muzungu angali analalamika kwamba Weusi hawajui Kiingereza.