Laini Ilifungwa, Nami Nikanyamaza

Jina langu sitalitaja. Sio kwamba naogopa kukamatwa, maana hakuna sheria niliyovunja. Naona aibu tu. Kosa nililifanya mimi, na akili zangu timamu, halafu mzee wa watu akalibeba.

Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki, nina kichumba cha kazi Kirumba, si mbali na Mwaloni. Natengeneza viboksi vya kupima maji. Unakifunga kwenye kizimba cha samaki ziwani, kinapima hewa iliyomo majini, hewa ikipungua kinakutumia meseji. Ndani kuna laini kama hiyo iliyomo kwenye simu yako. Ni kitu kidogo, lakini niliringa nacho, acha tu.

Dada yangu mkubwa, nimwite Kabula, anafuga sato kwenye vizimba upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa unakovuka kwa kivuko. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa na mlinzi, Mzee Masalu, mtu mzima wa zaidi ya miaka sitini. Kila kulipopambazuka mzee alipiga kasia mpaka kwenye vizimba akawatazama samaki. Akiwaona wamepanda juu, midomo wazi, wanatafuta hewa, anawasha mashine ya kupuliza hewa kwenye maji. Kazi yake ndiyo hiyo tu. Miaka yote aliyokaa pale, dada hakuwahi kupoteza kizimba.

Mimi na ujuaji wangu nikamwambia dada, "Mzee anasinzia, kiboksi hakisinzii." Nilisema mbele ya mzee mwenyewe, jamani. Akacheka kidogo akasema, "Sawa baba, dunia ya sasa ni yenu." Mwezi uliofuata dada akamwachisha kazi, kwa heshima na shukrani. Mzee akabaki palepale mwaloni, ufukweni wanaposhukia wavuvi, akawa anashona nyavu za watu.

Likaja sasa suala la mtandao. Mafundi wenzangu, hapa mnisikilize. Kulikuwa na laini maalumu za mashine, unalipia kwa mwaka, hata kifaa kikae kimya laini haifungwi. Kulikuwa pia na redio ndogo zisizotaka laini kabisa, unasimika mnara wako mdogo juu ya paa la nyumba, viboksi vinaongea nao bure. Kwa pale Kamanga hiyo ndiyo ingekuwa nafuu kuliko zote, lakini ilitaka nikae chini nijifunze upya, na mimi nilishajiona mjuzi.

Nikachukua laini ya kawaida ya mtaani, hizi za kusajili kwa kidole chini ya mwavuli. Nikaweka bando dogo kuliko yote. Na ili bando lisiishe, nikakipanga kiboksi kisiseme neno mpaka hewa ipungue. Kikiwa kimya, ujue mambo ni salama. Nilijisifu sana kwa ubunifu huo.

Yule binti wa mwavulini alinionya. "Kaka, hii isipotumika miezi mitatu wanaifunga, namba anapewa mtu mwingine." Nikamjibu, "Najua." Na kweli nilikuwa najua. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Nilisema nitakuwa nakigusa mara mojamoja kitume kitu, nikapata kazi nyingine, nikasahau.

Miezi ikapita, kimya. Dada akipiga simu hakosi kuuliza, "Mdogo wangu, kile kidude ni kizima?" Namjibu, "Kizima dada, kingekuwa na shida kingesema."

Jumatatu moja mchana nikalikumbuka onyo la yule binti, nikaipiga ile namba ya kiboksi. Akapokea mwanamke.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Nikadhani nimekosea. Nikapiga tena, yeye tena, na nyuma yake watoto wanacheka. "Kaka, unamtafuta nani?" Nikakata simu. Nilielewa palepale. Laini ilishafungwa, namba amepewa mwingine, na kule ziwani kiboksi kilikuwa kinaning'inia kama kopo tu.

Kivuko kilikuwepo. Mashine ya dada ya kupuliza hewa ilikuwepo, na mzee alikuwepo. Ningempigia tu dada nimwambie, "Mrudishe Mzee Masalu atazame samaki mpaka nije." Nilishindwa. Jioni ileile dada akapiga, akauliza kama kawaida yake. Nikamjibu, "Kizima." Nilijiambia Jumamosi nitavuka na laini mpya, nibadilishe kimyakimya, na hakuna atakayejua.

Alhamisi samaki wakafa.

Siku zile ziwa lilikuwa limetulia, upepo hakuna, maji yamekuwa kijani kama mlenda. Maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu. Dada alifika asubuhi akakuta sato wanaelea tumbo juu, vizimba vyote sita. Navuka mimi, nakuta mwalo umejaa watu na dada amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi, khanga kichwani.

Mtu mmoja akasema hii ni sumu. Sijui alikuwa nani. Likishatamkwa neno hilo, swali linalofuata mnalijua: nani ana kinyongo na Kabula? Macho yakamwendea yule aliyeachishwa kazi. Wakamwita Mzee Masalu, wakamkalisha chini kwenye mchanga, wao wamesimama.

"Juzi ulionekana na mtumbwi kwenye vizimba."

"Nilikwenda kuwatazama. Nimezoea."

"Kazi umeachishwa, unatazama nini?"

"Nimezoea tu, wanangu."

Dada akainua kichwa akaniangalia. Akaniuliza mbele ya wote, "Mdogo wangu, kiboksi hakikusema kitu?"

Ningesema maneno mawili, "Laini ilifungwa," na mzee angesimama akaenda zake. Badala yake nikajibu, "Dada, sumu hakiipimi. Kinapima hewa tu."

Mungu wangu, nilikuwa nimesema kweli kabisa. Kiboksi hakipimi sumu. Na kwa ukweli huo nikammaliza mzee wa watu.

Hakupigwa. Mwenyekiti wa kitongoji alifika akawatuliza. Lakini baada ya pale hakuna aliyempa nyavu kushona. Akipita, wanawake wanafunika ndoo zao za maji. Akisalimia "mwangaluka," watu wanatazama pembeni. Wiki ya tatu binti yake alikuja na gari la mizigo, akamchukua kwenda naye Buhongwa.

Mimi nikarudi Kirumba, nikaendelea na kazi kama mtu mwema. Wateja wananiita fundi, fundi. Lakini jioni nilikuwa nakaa chumbani peke yangu, redio imewashwa, na nikiulizwa imesema nini siwezi kujibu. Nilitamani mtu wa kumwambia, nikihesabu watu wangu wa karibu napata mmoja tu, na huyo ndiye niliyemwangamizia samaki wake.

Mwisho nikavuka, nikamweleza dada kila kitu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Umeniambia mimi. Kwani mimi ndiye niliyekalishwa mchangani?"

Basi nikasimama mwaloni, Jumapili baada ya ibada, nikasema mbele ya watu. Mnajua walijibuje? Wengine walicheka. Mama mmoja akasema, "Huyu amerogwa na yule mzee, ndiyo maana anamtetea." Ukweli niliuleta umeshachacha, hakuna aliyeutaka. Dada aliondoka kabla sijamaliza, na tangu siku ile hanipigii. Nikimpigia, anapokea mwanawe, anasema mama yuko kazini.

Nikaenda Buhongwa. Mzee alikuwa amekaa barazani kwa binti yake, mikono mitupu, anatazama ukuta wa jirani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Binti akaleta chai na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikaisogeza sahani kando, nikaanza kusema. Nikamwambia habari ya laini, ya yule mwanamke aliyepokea simu, ya Jumamosi niliyojipangia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Kisha akasema, "Siku ile nilikuona. Ulikuwa umesimama pale mwaloni kwenye mashine ya barafu ya wavuvi. Uso wako ulikuwa unajua kitu. Nikawa nawajibu maswali yao polepole, ili nikupe nafasi useme."

Nililia, sioni haya kuwaambia. Yeye akaninyooshea sahani ya michembe. "Kusamehe nimekusamehe. Ila mimi kule sirudi tena, na wewe hapa usije tena."

Viboksi ninavyofunga siku hizi vinatuma neno moja kila saa: Nipo. Simu yangu imejaa meseji hizo tu, kwa siku nzima. Wakati mwingine nasikia mlio nadhani ni dada.

Ndugu yangu unayesoma, mtandao wa bei nafuu si dhambi. Chagua unaoumudu, ila uliza kwanza: kifaa changu kikikaa kimya, nitajuaje kama ni kizima au kimekufa? Na ukigundua kimekufa, panda kivuko siku hiyohiyo, usingoje Jumamosi. Samaki hufugwa wengine. Lakini ukimwona mtu anaulizwa kosa lako, sema akiwa bado amekaa pale mbele yao. Akishasimama akaenda na jina la mkosaji, hata ukilia mwalo mzima ukusikie, hutamrudisha.