Bwawa Nililoliacha na Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi yenye mpini mrefu kuliko chumba nilichopanga Makongeni, nikaambiwa nisugue kuta za bwawa la kuogelea bila kulowesha viatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwetu Bungoma na kuja Thika kutafuta kazi ya kiwanda, lakini viwandani hawakuwa wakiandika watu. Binamu yangu, aliyekuwa mpishi, ndiye aliyenipeleka kwenye hoteli moja upande wa Ruiru, ng'ambo tu ya uzio wa bustani ya michezo ya watoto. Sikuwa nimewahi kuona bwawa la kuogelea. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimelowa mpaka kifuani.

Mkuu wa Matengenezo, Mkamba mfupi mwenye sauti ya chini, alikuja akanitazama nikichuruzika maji.

"Umefanya kazi ama umeoga?"

"Nimeteleza, bwana mkubwa."

"Vizuri. Sasa unajua mahali pamoja penye utelezi. Kesho tafuta pengine."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi niliyoifanya mpaka nikazeeka. Ninyi vijana mnaofanya kazi za hoteli leo mna mashine zinazopima maji zenyewe. Sisi tulikuwa na macho, pua na kichupa cha kioo. Tulichota maji ya bwawa kwenye kichupa, tukatia matone ya dawa, tukangoja rangi. Ikiwa njano hafifu, klorini inatosha. Maji yasipobadilika, wadudu wamepata nyumba. Yakiwa kama chai ya rangi, tulijua tumezidisha, na watoto watatoka humo macho yakiwawasha kama waliokata vitunguu. Klorini tuliitia jioni waogeleaji wakishatoka, maana jua la mchana huila. Maji yalitoka kupitia bomba la chini, upande wenye kina, yakavutwa na pampu hadi kwenye filta, yaani pipa la chuma lililojaa mchanga. Mchanga ulishika uchafu, maji safi yakarudi bwawani. Mchanga ukijaa, uligeuza vali, maji yakapita kinyume na kuuosha. Kazi hiyo tuliiita kurudisha, na aliyesahau kurudisha alijulikana kwa harufu ya bwawa lake.

Lakini yote hayo yalikuwa chini ya sheria moja. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, ulisimama ukingoni upande wenye kina na kutazama chini, pale mdomo wa bomba ulipofunikwa kwa wavu wa chuma. Ukiuona wavu, fungua. Usipouona, tia mnyororo getini, hata kama wageni wamepanga foleni.

Nakumbuka Pasaka moja. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa, matope yakaingia, maji yakawa kama maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo. Hoteli ilikuwa imejaa familia kutoka Nakuru, Nyeri, hata Mombasa. Meneja Mkuu alikuja mwenyewe amefunga tai, watoto wenye maboya ya kuelea wakimfuata.

"Mbona hapa pamefungwa?"

"Wavu hauonekani, bwana Meneja," Mkuu wa Matengenezo akamjibu.

"Wageni hawakuja kutazama wavu. Maji ni safi, mmetia dawa. Fungua."

"Dawa imo. Lakini mtoto akizama pale, mimi nitapita juu yake nikimtafuta, na sitamwona."

Meneja Mkuu alitazama maji, akawatazama wale watoto, akawapeleka wote ng'ambo kwenye bembea. Tulitia shabu ile ya kutulizia maji, matope yakakaa chini, tukayafyonza. Baada ya siku mbili wavu ulionekana, na watoto wakarudi wakipiga makelele.

Hayo makelele ndiyo ninayoyakosa. Bustani ya jirani ilikuwa na gurudumu kubwa, treni ndogo na mashua iliyobembea juu na chini. Wakati wa likizo za shule, watu walilala kwetu usiku kadhaa. Watoto walishinda kwenye magurudumu asubuhi, wakaja bwawani mchana vidole vikinata pamba ya sukari. Msimamizi wa Vyumba alikuwa akilalamika kila siku kuhusu korido zilizolowa. "Wafula," alizoea kuniambia, "hawa watu wako wanakausha nguo kwa mazulia yangu." Nilimjibu kwamba watu ni wake, mimi nina maji tu. Mkuu wa Matengenezo alipostaafu na kurudi kwao Matuu, alinikabidhi funguo za chumba cha pampu. Niliona nimefika.

Kisha barabara kuu ya Nairobi ikapanuliwa. Tulishangilia sana, kila mtu alisema wageni wataongezeka. Hatukufikiria kwamba mtu wa Nairobi anayefika Ruiru haraka anaweza pia kurudi kwake haraka. Familia zilianza kuja asubuhi na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni. Halafu ikafunguliwa bustani nyingine yenye mabwawa na miteremko ya maji ya kila rangi, na bwawa letu la mstatili likaonekana kama karai. Mzee mwenye hoteli alikufa, watoto wake wakapelekana kortini. Wafanyakazi waliondoka mmoja mmoja, mpaka tukabaki wachache na meneja wa mwisho, mama wa Murang'a ambaye sote tulimwita Madam.

Siku ya kufunga, Madam alinipeleka bwawani. Alikuwa ameshika mkoba, gari likimngoja.

"Wafula, kabla ufunge hilo geti, toa hii maji yote. Halafu utoboe sakafu, mashimo makubwa, mvua isipate mahali pa kukaa."

"Madam, tukitoboa, siku tutakayofungua tena tutafanyaje?"

"Nani amekuambia tutafungua?"

"Mambo ya korti huisha."

"Yataisha sisi tukiwa wazee. Huku watu wanajenga kila mahali, watoto watakuja. Toboa, unisikie."

Nilimwahidi. Na hapa niseme kilichonizuia, maana si uvivu. Mtu wa bwawa hufundishwa kuogopa bwawa tupu. Ardhi yetu ni udongo mweusi unaovimba ukinywa mvua. Bwawa likijaa, uzito wa maji hulikandamiza. Likiwa tupu, maji yaliyo chini ya ardhi hulisukuma juu, vigae vikapasuka, sakafu ikainuka kama mkate. Nilikuwa nimeitunza sakafu ile tangu ujana wangu. Nilijua kila kigae. Nikajiambia nitaliacha lijae, litulie, mpaka wenyewe wapatane. Jioni Madam alinipigia simu.

"Umemaliza?"

"Tayari, Madam."

Nilitia kufuli getini nikaenda zangu nikiwa nimeridhika, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nilihamia Gatongora, si mbali na hoteli, kwa mwanangu Simiyu na mkewe. Binti yao Nekesa alizaliwa baadaye, na sasa yuko darasa la nne. Miaka ya mwanzo nilipita karibu na hoteli nikitazama tu kuta. Kisha ukuta wa nyuma ukaanguka kipande. Nyumba za kupanga zikajengwa mpaka ukutani. Siku moja niliingia kupitia lile pengo. Vioo vimevunjwa, milango imeng'olewa, pampu yangu imeibwa pamoja na mabomba. Bwawa lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, kijani kibichi, majani yametanda juu yake kama zulia. Ukutani kulikuwa na nguo za watoto zimeanikwa.

Tangu siku hiyo sikupata raha. Kila mvua ilipogonga mabati nilihesabu ni kiasi gani kimeongezeka. Kila mtoto aliyechelewa mtaani nilimuuliza mama yake ametoka wapi. Mke wa Simiyu alinizoea. "Baba amekwenda tena kuchunga maji," alikuwa akisema nikivaa koti. Niliweka miiba kwenye pengo, ikatolewa. Nilikaa pale na fimbo nikiwafukuza watoto na kuwaambia mna mamba majini, wakanipa jina la Mzee wa Mamba, na kweli wakaanza kuja kumtafuta huyo mamba. Nikampigia simu mwana mkubwa wa mwenye hoteli, nikamweleza hatari.

"Mzee, hiyo mali iko kortini," akasema. "Hakuna mtu anaruhusiwa kugusa chochote. Hata mimi. Ukigusa, utashtakiwa wewe."

"Basi weka askari."

"Nitaona."

Hakuona. Nami niliogopa kushtakiwa, nikaogopa zaidi kwamba wakija kuuliza kwa nini bwawa halikutobolewa, jina langu litatajwa. Kwa hiyo nilinyamaza na fimbo yangu.

Jumamosi moja mchana Mama Njeri, jirani yetu mwenye kibanda cha mboga, alikuja akitembea upesi, mikono bado ina majimaji ya sukuma wiki.

"Baba Simiyu, Nekesa amekuja kwako?"

"Alikuwa na Njeri wako."

"Njeri amerudi peke yake. Anasema waliachana kwa hoteli."

Sikungoja koti. Tulipofika, kwenye ukingo wa bwawa, upande wenye kina, kulikuwa na jozi ya malapa ya rangi ya waridi. Niliyajua, nilikuwa nimeyashona mkanda mwenyewe kwa waya. Maji yalikuwa yametulia kabisa, ule utando wa kijani umepasuka mahali pamoja tu, karibu na ngazi.

Niliita. Mama Njeri aliita. Kisha nilishuka ngazi na kuingia. Maji yalikuwa baridi, na chini kulikuwa na tope lililonishika miguu. Nilishika ukingo kwa mkono mmoja, nikapapasa kwa miguu, nikisogea kidogo kidogo kuelekea penye kina zaidi. Niligusa kiti cha plastiki. Niligusa tairi. Niligusa kitu laini, nikazama kukishika, nikaibuka na gunia. Mama Njeri alikuwa ukingoni akisali kwa Kikuyu, akiniambia nitoke, akiniambia nisitoke. Vijana watatu wa kuosha magari walisikia, wakaja mbio, wawili wakajitosa kando yangu.

"Mzae, toka, utazama wewe," mmoja akaniambia. "Hii maji huoni hata mkono yako."

Nilimwambia najua. Nilimwambia nimeijua sheria hiyo kabla hajazaliwa. Sikutoka.

Nilikuwa nimefika maji ya kidevuni niliposikia sauti ya mke wa Simiyu kwenye pengo. Alikuwa amemshika Nekesa mkono, mtoto yuko peku, uso umemvimba kwa kulia. Alikuwa amempata kwenye uzio wa bustani ya michezo, amebandika uso kwenye waya akitazama gurudumu likizunguka. Nekesa alikuwa ameangusha mpira majini, akashuka ngazi moja kuufikia, akateleza, akapanda akikimbia. Aliogopa kurudi nyumbani bila malapa aliyoyaacha ukingoni.

"Guka, usinipige," akaniambia, akiniita babu kama watoto wa mtaani.

Wale vijana walinivuta nje kama mzigo.

Nilikaa juu ya vigae mpaka pumzi ikarudi. Kisha nikawauliza wale vijana kama pampu yao ya kuoshea magari inaweza kuvuta maji machafu.

"Inavuta hata supu," akasema yule aliyeniita mzae. "Lakini hii ni ya nani? Tusije tukashikwa."

"Mkiulizwa, semeni Wafula ndiye aliyewatuma. Semeni ninapoishi."

Ilichukua jioni hiyo na kesho yake baada ya kanisa. Simiyu alileta nyundo kubwa na mtaimbo. Sakafu ilipotokea ilikuwa nzima, vigae vya buluu vimeshikana chini ya tope kama siku nilipoviacha. Nilikuwa nimelitunza bwawa vizuri sana. Simiyu alinyanyua nyundo, nikamwomba anipe. Nilipiga ya kwanza karibu na ule wavu, ya pili, na nikaendelea mpaka mikono ikakataa, ndipo vijana wakamalizia. Walitoboa mpaka udongo mweusi ukaonekana.

Watu wanaofanya kazi hizi sasa huniuliza mambo ya klorini na filta, nami huwaeleza kwa furaha. Ila siku hizi nawaongezea kitu ambacho sikufundishwa, au nilifundishwa nikakataa: kufunga mahali ni kazi kama kufungua, na ina hatua zake, na anayepewa kazi hiyo aifanye yote hata kama inamuuma. Mimi niliupenda ule mstatili wa maji kuliko watoto ambao walikuwa hawajazaliwa. Nekesa ni mmoja wao.

Wiki iliyopita mwana mkubwa wa marehemu alipiga simu. Mtu alikuwa amemwambia.

"Nani alivunja bwawa letu?"

"Ni mimi, Wafula."

"Nani alikutuma?"

"Madam, siku tuliyofunga. Nilimdanganya nimemaliza."

Kisha akasema wakili wake atanitafuta, akakata. Mpaka leo hajaja mtu. Gari nisilolijua likisimama hapa nje, mimi huvaa viatu kabisa, nisije nikawachelewesha waliotumwa kunichukua. Mvua imeanza tena huku Gatongora. Nekesa anaisikia, anatoka kwenda kucheza na Njeri, na mimi simuulizi wanakwenda wapi.