Siku Niliyonunua Sidiria kwa Kadi ya Bosi

Kuna aibu unaoga zinatoka, na kuna nyingine hata ukihama mtaa zinakufuata na kukuuliza choo kiko wapi. Hii yangu nimeificha miaka mingi, na wanaoijua ni wale tu waliokuwa dukani siku ile, na wake zao, na majirani wa wake zao (maana Odhiambo alikuwepo, na Odhiambo kuambiwa kitu ni sawa na kukitundika kwa mlingoti). Sasa leo nasema mwenyewe, mcheke mmalize.

Ilikuwa ile miaka simu ya mkononi mtu anaivaa kiunoni kwa kifuko cha ngozi kama askari na bastola. Nilikuwa karani wa hesabu katika duka la vigae, masinki na mabafu pale Hurlingham. Mwenye duka alikuwa Bwana Dilip, mzee mpole wa maneno machache, aliyeishi Kitisuru na mkewe. Mke huyo aliitwa Hansa, lakini sisi wafanyakazi, kuanzia dereva mpaka mimi, tulimwita Mama tu. "Mama amepiga simu." "Mama anataka gari." Hilo mliweke kichwani.

Mimi nilikaa Kinoo, na wakati huo mama yangu mzazi alikuwa ametoka Bungoma kuja kutibiwa. Alikuwa na uvimbe, na madaktari wakamkata titi la kushoto. Operesheni ilienda vizuri, tukamshukuru Mungu, lakini likabaki lile pengo. Mama ni mwanamke wa kujipanga, nguo yake lazima ikae sawa pande zote, basi akashona kifuko kidogo, akakijaza ndengu, akawa anakivaa ndani ya sidiria, na ukimtazama usingejua kitu.

Jumapili moja kanisani, wakati wa sifa, akicheza na wenzake, uzi ukakatika. Ndengu zikaanza kumwagika chini ya blauzi, zikarukaruka kwenye saruji mpaka miguuni kwa wazee wa kanisa. (Kuna mama mmoja mwenye roho nzuri aliinama kuziokota, akidhani ni sadaka ya mtu imemwagika.) Mama yangu akatoka nje bila kuangalia nyuma, na hakurudi. Kila Jumapili mguu unamuuma. Jumatatu mguu umepona, anafua, anapanda ngazi. Nami nilikuwa nyumbani nikisikia ngoma za kanisa, nikimwona anavyotikisa kichwa kidogo akifikiri simtazami.

Ndipo nesi mmoja wa pale kliniki akaniita kando, akaniambia kuna titi la bandia la silikoni, na sidiria yake yenye mfuko wa kulishikilia. Hapa Nairobi yalikuwa yameisha na hakuna aliyejua yatarudi lini, ila watu walikuwa wanaagiza Uingereza kwa mtandao. Nikampelekea mama yangu habari. Akasema, "Wafula, ukiagiza, agiza. Lakini mtu asijue. Waliojua kanisani wanatosha."

"Mtu hatajua, Mama," nikamwambia. Nilimpa na mkono.

Sasa shida. Mimi sikuwa nimewahi kununua kitu mtandaoni, hata kalamu, na nilichokuwa nimesikia kuhusu mambo hayo kilitosha kumlaza mtu na viatu. Odhiambo, muuzaji wetu wa dukani, alikuwa na hadithi ya shemeji ya jirani yake aliyeandika namba ya kadi yake kwa kompyuta, na kesho yake jamaa fulani Ulaya akawa amejinunulia pikipiki. "Bana, hiyo ni kama kuacha ufunguo kwa mlango na umwandikie mwizi karibu," alisema. Nilicheka naye, lakini ile pikipiki ikanifuata mpaka nyumbani.

Nikashuka mjini Jumamosi, nikaingia saiba moja, yale maduka ya kukodi kompyuta, karibu na Moi Avenue, nikachagua kompyuta ya pembeni kabisa mgongo ukiwa ukutani, maana fikirieni mwanaume mzima na koti lake, skrini imejaa sidiria! Kila mtu akipita nafunika na gazeti. Duka la kwanza nililolipata lilitaka namba ya kadi kabla hata ya kuniambia bei, na taa nyekundu zinawakawaka, nikashtuka, nikazima kompyuta nzima na kutoka mbio mpaka mhudumu akanifuata nje kwa sababu sikuwa nimelipa. Nikarudi kwa nesi. Yeye akanipa jina la kampuni ambayo wagonjwa wengine walikuwa wameitumia, akaniambia nihakikishe ina anwani na simu inayopokelewa, na kabla ya kuandika namba yoyote niangalie chini ya ukurasa kama kuna alama ya kufuli. Kufuli likiwa wazi, toka.

Vizuri. Lakini kadi sikuwa nayo. Siku hizo kadi ya kununulia vitu ng'ambo ilikuwa ya watu wa Kitisuru, si ya watu wa Kinoo. Basi nikajikaza, nikaingia kwa Bwana Dilip na pesa zangu kwenye bahasha, nikamwomba anisaidie kadi yake.

"Hakuna shida, Wafula," akasema. "Unanunua nini?"

Marafiki, swali dogo hivyo. Ningesema "kitu cha hospitali" yangeisha hapo. Lakini nilikuwa nimempa mama yangu mkono, na uso wa bosi ulikuwa karibu sana, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kitabu, bosi. Cha uhasibu."

Mzee alifurahi mpaka nikaona aibu. "Soma, soma," akasema. Akanipa kiti chake mwenyewe, kompyuta yake, na kadi, akatoka kwenda kumwonyesha mteja vigae. Sasa nimebaki na kadi ya mtu mkononi. Niliishika kwa ncha za vidole kama yai. Nikafunga mlango, nikafunga pazia, nikawaza labda kuna mtu upande ule mwingine wa barabara mwenye darubini (sitanii, niliwaza hivyo), nikawasha ile modemu ikapiga kelele zake. Mtandao wa siku hizo ulipita kwenye waya wa simu ya mezani, mtu akiinua simu tu, umekatika.

Nikaangalia kufuli. Limefungwa. Nikaandika namba, nikaisoma, nikaisoma tena kutoka nyuma kuja mbele. Jasho linaingia machoni. Nikabonyeza. Ukurasa ukaanza kuja polepole, polepole, kisha ukafa, na kutoka dukani nikasikia sauti ya Odhiambo, "Halo? Halo? Nipe stoo!"

Alikuwa ameinua simu.

Nilikaa pale nimeganda. Pesa imeenda? Haijaenda? Namba ya bosi iko wapi sasa hivi, iko njiani peke yake baharini? Mtu mwenye akili angengoja, angeandika barua pepe, angeuliza. Mimi nikarudi mwanzo, nikaandika kila kitu upya, nikabonyeza tena. Mara hii ikakubali. Nikafuta kila nilichoweza kufuta kwenye ile kompyuta, nikapangusa mpaka kibodi kwa leso, nikamrudishia mzee kadi yake. "Umepata kitabu?" "Nimepata, bosi."

Siku zilizofuata sikuonja chakula. Simu ikilia dukani naruka. Bosi akikohoa nasema moyoni, wameanza kununua pikipiki. Kumbe mambo yalikuwa yanapikwa kwingine kabisa.

Ilikuwa asubuhi ya kazi nyingi. Kulikuwa na mkandarasi na mafundi wake, kulikuwa na bwana na bibi wanaochagua bafu, dereva alikuwa anapakia masinki, Odhiambo yuko kwenye kaunta, mimi nyuma yake na risiti. Mara gari la Kitisuru likasimama nje na Mama akaingia. Hakusalimia mtu. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa mumewe katikati ya duka.

"Dilip. Nani huyu mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Benki wamepiga simu nyumbani. Wanauliza kama ni sisi tumenunua kitu mara mbili, siku moja, duka moja, Uingereza. Nikauliza duka gani. Wakasema duka ya nguo za ndani za wanawake." Alikuwa na kadi yake ya akaunti hiyo hiyo, kwa hiyo benki hawakuwa wamekosea kumwambia. "Mimi sijanunua. Sasa niambie wewe umenunulia nani."

Bwana Dilip alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwona anavyobadilika rangi, yule mzee aliyenipa kiti chake. "Ni wezi," akasema. "Hansa, ni wezi wa mtandao! Wameiba kadi! Odhiambo, piga polisi!"

Odhiambo, kwa mara ya pili katika maisha yangu, akainua simu wakati mbaya.

"Bosi, ngoja," nikasema.

Wote wakanigeukia. Mzee akanitazama, na nikaona kumbukumbu inamjia usoni. "Wafula. Wewe ulitumia kadi. Ulinunua kitabu."

"Ndiyo, bosi. Kitabu."

"Kitabu gani inauzwa kwa duka ya sidiria?" Mama akauliza.

Mafundi wakaanza kucheka chini chini. Ningeweza kunyamaza, lakini nikimtazama bosi naona ndoa ya mtu inavunjika katikati ya vigae, na nikifikiria nyumbani naona ule mkono niliompa mama yangu. Nikatafuta neno la kati, lisilomtaja mtu.

"Ni yangu," nikasema.

Loo. Mkandarasi alinitazama kifua. Yule bibi wa bafu akamshika mumewe mkono. Odhiambo akasema, "Ya kwako? Kuvaa?" na dereva akaweka sinki chini ili asiliangushe kwa kicheko.

"Siyo kuvaa mimi! Ni ya Mama!"

Hapo hata kicheko kikakatika. Mama akajishika kifuani kwa mikono miwili. "Mimi?" Na Bwana Dilip, mzee ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata lori likivunja vioo, akapiga kaunta ngumi. "Wewe unanunulia bibi yangu sidiria? Na kadi yangu?"

"Siyo Mama huyu! Mama mzazi! Mama yangu mzazi, Kinoo!" Nilikuwa napiga kelele sasa, sijui kwa nini, nadhani watu wa nje barabarani pia walinisikia. "Hana titi moja! Walimkata hospitalini! Anajaza ndengu!"

Nikasikia maneno yangu yakigonga vigae na kurudi. Hakuna aliyecheka tena. Dereva alivua kofia. Mimi niliangalia chini, machozi yananitoka mbele za wateja, na nilichokuwa nawaza si kazi wala polisi, ni kwamba nilimwahidi mtu mmoja tu kitu kimoja tu, na sasa mpaka mkandarasi anajua.

Mama akakaa kwenye ukingo wa bafu la maonyesho. Kisha akainuka, akanishika kiwiko, akanipeleka ofisini na kufunga mlango. Akaniuliza mama yangu ana umri gani, na kama kidonda kimekauka. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba dada yake alikuwa anaweka pamba. "Pamba haina uzito," akasema. "Bega linapanda upande mmoja. Kwa nini hukusema tu?"

Na shida haikuwa imeisha, kwa sababu benki walipompigia aliwaambia zuieni kila kitu, na wakazuia kweli. Oda zote mbili zilikuwa zimefutwa.

Bwana Dilip alininunia siku kadhaa. Hakunifukuza, ila alinisalimia kama askari wa kanjo, wa baraza la jiji, aliyekuja kudai ushuru. Kadi ilipofunguliwa, Mama mwenyewe alikuja, akaketi kando yangu kwenye kompyuta, akanisomea namba moja moja. Odhiambo aliwekwa kulinda simu, akaikumbatia kama mtoto. Tukaangalia kufuli. Nikabonyeza mara moja, nikaondoa mkono, nikaukalia. Ikakubali.

Nyumbani, jioni ile ile ya kelele za dukani, nilimweleza mama yangu yote kabla ya kuvua viatu. Alinipakulia chakula bila kusema kitu, na kesho yake pia hivyo hivyo, na kimya cha mama yangu kilikuwa kizito kuliko ngumi ya bosi. Siku ya tatu, akichambua mboga, akauliza bila kuinua macho, "Na huyo mke wa bosi, kweli alifikiri ni yake?"

"Kweli, Mama."

"Alikasirika, au alifurahi kidogo?"

Nikamwangalia. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alicheka mpaka akaweka kisu chini, kisha akafuta macho na kusema, "Lakini ulinivunjia neno, Wafula. Usifikiri nimesahau." Na hajasahau. Kifurushi kilipofika alilipima lile titi kwenye kiganja, akasema ni zito kama la kweli, akaingia chumbani na kulivaa. Jumapili iliyofuata mguu haukumuuma.

Mimi nilichojifunza ni hiki. Nilimwogopa mwizi wa Uingereza, nikafunga milango na mapazia, na mtandao haukuniibia hata senti. Kilichoniumbua ni uongo mdogo niliomwambia mtu aliyekuwa amenipa kiti chake. Siku hizi nikinunua kitu kwa simu, hata soksi, nasema ni nini na ni cha nani, hata kwa asiyeuliza. Ila neno moja nimeapa. Sitasema tena "ni ya Mama" kabla sijageuka nyuma kuhesabu wamesimama akina mama wangapi.